Nyuzi za gitaa la kulaza mapajani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini uzi wa sita wa gitaa lako la kulaza mapajani umekatika mara mbili ilhali seti ni mpya. Seti hiyo ilitengenezwa kwa gitaa la kawaida, ambalo uzi wake wa sita hutoa noti ya E ya chini. Katika mpangilio wako wa noti uitwao C6, yaani C, E, G, A, C, E kutoka uzi mnene hadi mwembamba, uzi huohuo unapandishwa nusu-toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti) nane zaidi, na wa tano nusu-toni saba, mvuto ambao haukuundwa kuuhimili. Tafuta seti ya C6, au nunua uzi mmoja mmoja. Wa sita uwe na unene wa inchi 0.036 hivi.

Kwa hewa yetu ya Mombasa yenye chumvi, mimi nashauri nyuzi zilizozungushiwa chuma cha pua, kwani hustahimili kutu kuliko za nikeli, ingawa sauti ya nikeli, nakiri, ni laini zaidi. Pitisha kitambaa cheupe chini ya kila uzi baada ya kupiga, na kikitoka na mstari wa kahawia, ubadilishe. Badilisha mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kufunga mpya, paka risasi ya penseli kwenye mfereji unamopita, maana uzi ukikwama hapo hukatika hata ukiwa wa unene sahihi.