Jibu: Estrojeni na ovari za panya asiye na pituitari
Ndugu, umeuliza kwa nini panya jike mchanga aliyeondolewa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, huongezeka uzito wa ovari (viungo vinavyotunza mayai) akidungwa estrojeni, homoni ya kike. Ni kwa sababu homoni hiyo hugusa ovari moja kwa moja. Seli za granulosa, zile zinazolizunguka yai ndani ya folikoli (kifuko kinachobeba yai kwenye ovari), zina vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoinasa homoni hiyo, hasa aina ya beta. Homoni ikinasa humo, seli hugawanyika kwa wingi. Ila hapa ndipo wengi hukosea: estrojeni peke yake haipevushi folikoli. Kazi yake kubwa ni kuziandaa seli ziitikie FSH, homoni ya pituitari inayokuza folikoli, nayo FSH huziotesha vipokezi vya LH, homoni nyingine ya pituitari inayochochea yai kutoka. Pasipo vipokezi hivyo, yai halitoki. Ukimpa panya huyo androjeni, yaani homoni za kiume, badala ya estrojeni, folikoli nyingi hunyauka.