VX ya petroli kufungwa injini ya dizeli ya 1HZ: inawezekana, ila hesabu vinavyoizunguka

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Cruiser VX ya mwaka 1996, injini ya petroli 1FZ-FE, gia otomatiki. Naishi Iringa na natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari linakula: lita moja kilomita tano tu. Sasa gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yanaingia kwenye oili. Kuitengeneza nimeambiwa milioni 4.5. Fundi wangu anasema tuachane na petroli kabisa, anifungie 1HZ ya dizeli kwa milioni 14, na kwamba inakaa bila shida. Nikubali?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole kwa hiyo gasketi.

Kwamba inawezekana, hilo halina ubishi. VX yako ni ya familia ya 80, na Toyota wenyewe waliitoa kiwandani ikiwa na petroli na ikiwa na dizeli, bodi ileile. Fundi wako hakudanganyi pia kuhusu uzuri wa 1HZ: ni silinda sita, sisi 4,164, pampu yake haitegemei kompyuta, na ndiyo injini ya hardtop nyingi za wagonjwa, za polisi na za watalii nchini. Spea zake unazipata hata miji midogo. Ninachokipinga ni hayo maneno "inakaa bila shida". Injini yenyewe itakaa. Fedha na usiku wa kukosa usingizi viko kwenye vitu vinavyoizunguka, na hivyo ndivyo huwa havitajwi siku ya kupatana bei.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza: hiyo 1HZ imetoka kwenye gari gani? Ziko nyingi zilizoshushwa kwenye Coaster, na huwa na bei ya kuvutia. Ni 1HZ kweli, lakini sampo (bakuli la oili chini ya injini), mabano ya mauntingi na vitu vingine vya pembeni vilitengenezwa kukaa kwenye basi. Utaanza kutafuta sampo ya Land Cruiser, bomba la kunyonyea oili, mabano ya altaneta, kimojakimoja, kila kimoja na bei yake. Halafu Coaster nyingi za Kijapani ni za volti 24. Gari lako ni la volti 12. Starta, altaneta, hita plagi (zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka) na ile koili ya kukata mafuta kwenye pampu, vyote visomwe kibandiko chake kabla ya kuunganishwa waya hata mmoja. Tahadhari hiyo ichukue hata kwa injini iliyotoka kwenye Land Cruiser ya Japani, kwa sababu ziko zilizowashwa kwa volti 24 huku taa na redio vikitumia 12. Hita plagi za volti 12 zikipewa 24 zinaungua mara moja.

Jambo la pili ni giaboksi, na hapa ndipo naona milioni 14 yako ikipanda. Otomatiki uliyonayo inapokea amri kutoka kwa mfumo wa injini ya petroli, na imepangwa kubadilisha gia kwenye mizunguko ambayo dizeli haifiki. 1FZ-FE inatoa nguvu zake nyingi juu ya mizunguko 4,000 kwa dakika. 1HZ hapo ndipo inapoishia. Nyumba ya klachi nayo haifanani, huwezi kufunga moja nyuma ya nyingine bila kubadilisha. Mafundi wengi huku hukata shauri kuweka gia za mkono. Ni uamuzi mzuri, lakini maana yake ni pedali ya klachi, silinda zake mbili za juu na chini, flaiwili, giaboksi, kurekebisha propela shafti ikiwa urefu umebadilika, na tundu la kutokezea fimbo ya gia. Je, vyote hivyo vimo kwenye bei aliyokupa? Akuandikie.

Sasa breki, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu nimeshapokea magari gereji yakiwa yamefungwa dizeli safi kabisa na yanasimama kwa shida. Injini ya petroli ina kipepeo kinachozuia hewa kwenye manifoldi, na hapo busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga, ndipo inapopata mvuto wake. Dizeli kama 1HZ haina kizuizi hicho. Inameza hewa muda wote, kwa hiyo mvuto hakuna. Toyota waliliona hilo wakaweka pampu ya vakyumu, ikizungushwa na injini yenyewe na kulainishwa kwa oili ya injini. Pampu hiyo ikipotea, au fundi asipoiunganisha na busta, umepoteza busta. Pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na ukiteremka mlima Kitonga ukiwa na mzigo utajua maana yake. Siku ya kukabidhiwa gari, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, iache mguu ukiwa juu yake, kisha washa. Lazima pedali izame kidogo. Isipozama, usiondoke gereji.

Tenki lishushwe lisafishwe, kumwaga tu hakutoshi. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli ileile inayoipitisha, na petroli iliyobaki inakausha ulainisho huo. Ile pampu ya umeme iliyomo ndani ya tenki itolewe, iwekwe bomba la kunyonyea, kwa kuwa pampu ya 1HZ inajivutia mafuta yenyewe. Paipu ya kurudisha mafuta iwe safi na isibanwe. Na filta iwe ile yenye kitenganisha maji na kitufe cha kupampu kwa mkono. Shingo ya kujazia mafuta pia uiangalie: ya magari mengi ya petroli isiyo na risasi ni nyembamba, na bomba la dizeli la kituoni halipiti. Kwenye ekzosi, kama gari bado lina kile kichujio cha moshi cha petroli, kitoke, maana masizi ya dizeli yatakiziba. Geji ya mizunguko nayo itakufa, sababu ilikuwa ikisoma kwenye mfumo wa plagi.

Kuhusu nguvu, nakuambia ukweli ili usije ukajuta. 1FZ-FE ina farasi zaidi ya 200. 1HZ haina tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) na iko kwenye 130 hivi, na Iringa iko juu, kama mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupungukiwa zaidi. Utapanda Kitonga nyuma ya malori kwa utulivu. Mtu akikushauri uifunge tabo hiyo 1HZ, mwambie ngoja: mafuta yake huwaka kwanza kwenye vyumba vidogo ndani ya hedi, joto likizidi hapo ndipo nyufa huanzia, na pistoni hufuata. Anayetaka tabo anunue 1HD-T au 1HD-FT, zilizozaliwa nayo. Kwa 1HD-T za mwanzo, badilisha kwanza beringi za koneksheni rodi, ndio ugonjwa wake unaojulikana.

Tuje kwenye shilingi. Kilomita 1,000 kwa kilomita tano ni lita 200 kwa mwezi. Kwa 1HZ iliyo nzima chukua kilomita nane, ni lita 125. Unaokoa lita 75. Nikiweka lita shilingi 3,000 kwa mafuta yote mawili ili hesabu iwe nyepesi (wewe weka bei kikomo ya mwezi huu ya EWURA, wadhibiti wa nishati), ni shilingi 225,000. Milioni 14 zitarudi baada ya miezi 62. Ukitoa milioni 4.5 ambazo ungezitumia kwenye gasketi hata hivyo, zinabaki milioni 9.5, karibu miezi 42. Hiyo ni miaka mitatu na nusu, tena kama bei haikupanda kwa sababu ya hiyo giaboksi.

Kwa matembezi yako, mimi ningetengeneza petroli. Hedi ipelekwe mashine ipimwe kama imepinda au ina ufa, na mtafute kilichoipasha moto: rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, au thamostati. Gasketi mpya juu ya rejeta mbovu itakwenda tena. Nane kwa lita hutaipata, ila VX iliyochoka kama hiyo mara nyingi hula zaidi kwa sababu ya oksijeni sensa, plagi na breki zinazoburuza, na hayo yanarekebishika kwa fedha ndogo.

Ungekuwa unatembea kilomita 3,000 kwa mwezi ningekuambia funga dizeli kesho, lakini kwa njia moja tu: nunua nusu gari la Land Cruiser 80 ya dizeli yenyewe, injini na giaboksi vikiwa pamoja, na wayaringi, altaneta, rejeta, pedali na mabano yake. Chukua risiti na karatasi za forodha zenye namba ya injini, kwa sababu kadi yako ya TRA ina namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta, na vyote vitabadilika. Kamalize hilo TRA na kwa kampuni yako ya bima kabla ya kurudi barabarani.

Na injini yoyote utakayoonyeshwa, uikute ya baridi. Iwashwe mbele yako, kisha fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitikisika kidogo ni sawa. Kikirushwa, ringi zimekwisha. Rudi nyumbani na fedha zako. Ikiwa nzima ukaichukua, badilisha taimingi belti injini ikiwa bado iko chini, kwa sababu hiyo belti ndiyo inayozungusha kemshafti, na hakuna anayejua imeshatembea kilomita ngapi.