Maswali ya Wasomaji: Nyasi za Urembo Karibu na Bahari

Nimepanda vetiva na mchaichai kando ya uzio, hatua chache tu kutoka ufukweni. Kila kusi ikivuma, ncha za majani zinaungua. Na vetiva iliyo chini ya mwarobaini imedumaa kabisa. Nifanyeje? (Msomaji, Kigamboni)

Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili tofauti.

Kwanza tazama upande ulioungua. Ukiona ni ule unaokabili bahari tu, na majani ya ndani ya kichaka ni mabichi, basi ni chumvi inayoletwa na upepo. Osha majani kwa maji matamu asubuhi, kisha badilisha mpangilio: vetiva ikae mbele ikipokea upepo, mchaichai nyuma yake, kwa sababu mchaichai hauvumilii chumvi kama vetiva. Ncha iliyokwisha kuungua haiponi, ikate.

Kama majani yameungua pande zote, kuanzia yale ya zamani, na udongo una ukoko mweupe juu, chumvi iko ardhini. Mara nyingi hutokana na maji ya kisima yanayomwagwa kidogo kidogo kila siku: maji yanakauka, chumvi inabaki palepale kwenye mizizi. Heri ndoo nzima ya lita 20 kwa kichaka, mara moja au mbili kwa wiki, ili maji yaisukume chumvi chini. Ukiweza kupata maji ya mvua, hayo ndiyo bora kuliko yote.

Vetiva ya chini ya mwarobaini inakosa jua. Hakuna mbolea itakayoziba pengo hilo, kwa hiyo ihamishe mwanzoni mwa masika. Ng'oa kichaka, kigawe kwa panga ili kila kipande kiwe na machipukizi 2 au 3. Punguza majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, kisha chovya mizizi kwenye uji mzito wa udongo na samadi ya ng'ombe. Mizizi ikikauka juani hata kwa saa chache, vipande vingi havitashika. Ukitaka ukuta wa kuzuia upepo, acha sentimita 10 hadi 15 kati ya vipande. Ukitaka kila kichaka kionekane kwa umbo lake, acha sentimita 80. Usizike shingo ya mmea, yaani pale mashina yanapokutana na mizizi, itaoza.

Paspalamu yangu, nyasi ya kutandaza uwanjani, imekuwa njano ingawa nimeweka mbolea ya urea mara mbili. Udongo wetu ni wa matumbawe. (Msomaji, Diani)

Chuma jani changa ulitazame kwa karibu. Kama mishipa ni ya kijani na katikati yake ni njano, nyasi inakosa madini ya chuma. Chokaa ya matumbawe huyafunga madini hayo mizizi isiweze kuyafyonza, na urea huongeza shida kwa kuihimiza nyasi ikue haraka wakati chuma hakipo. Yeyusha gramu 20 za salfeti ya chuma katika lita 4 za maji, nyunyiza majani jioni, rudia baada ya wiki mbili. Ukiimwaga ardhini itafungwa vilevile. Iepushe na vigae na saruji, kwani huacha madoa ya kutu yasiyotoka kirahisi.

Yakiwa ya njano ni majani ya zamani, tena jani zima, hapo urea inafaa: gramu 10 kwa mita moja ya mraba, kisha mwagilia papo hapo.

Kichaka kimekauka katikati. Nikate lini? (Msomaji, Bagamoyo)

Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika. Kifunge kwa kamba kwanza, ukate chini ya kamba kwa mundu, ubakize sentimita 30. Mabua yatatoka kwa fungu moja. Sehemu ya katikati iliyokufa haifufuki: ng'oa kichaka, tupa katikati, panda upya vipande vya pembeni. Na kama ni Pennisetum setaceum, ile yenye mikia laini, kata mikia kabla mbegu hazijakomaa, la sivyo itajipanda hadi kwa jirani.