Mazoezi kila siku yanafaa, mlima kila siku haufai

Anayetoka Kirumba, hapa Mwanza, kwenda mjini kwa miguu kila siku ya Mungu, Jumatatu hadi Jumapili, hana haja ya kujitengea siku ya kupumzika. Anayepanda mlima wa Bugando mbio kila alfajiri anayo haja hiyo, na asipojipangia mwenyewe, goti litampangia. Ukiwauliza, wote wawili watasema wanafanya mazoezi kila siku. Kwa hiyo swali la kama ni afya kufanya hivyo halijibiki mpaka ujue ni mazoezi gani, mazito kiasi gani, na yanapiga sehemu gani ya mwili.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, na juu yake mazoezi ya kukaza misuli angalau siku 2. Nusu saa kwa siku 5 tayari ni 150. Hizo siku 7 zinazosifiwa vijiweni ni hiari yako. Kupima uzito wa zoezi hakuhitaji saa ya bei. Ukiweza kuimba, ni jepesi. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini kuimba kukakushinda, ni la wastani. Ukitoa maneno matatu kisha ukatafuta pumzi, ni zito. Ndiyo maana vikundi vya jogingi vinavyoimba barabarani Jumamosi asubuhi havimuumizi mtu: anayeitikia kiitikio chote bila kukatika yuko kwenye mwendo mwepesi, hata kama jasho linamtiririka.

Mwanza hesabu hii huharibika kwa sababu ya mawe na vilima. Mtu anasema leo anakimbia taratibu, anaanzia Isamilo au anazunguka Capri Point, na kweli kasi yake ni ndogo, lakini mpando umeshageuza zoezi jepesi kuwa zito bila kumuuliza. Akifanya hivyo siku 6, amefanya mazoezi mazito siku 6 huku akiamini ni mepesi. Sikiliza pumzi, achana na kasi. Sentensi ikikatika mlimani, tembea mpaka irudi.

Halafu kuna kushuka, ambako wengi hukudharau. Kupanda huchosha moyo na mapafu. Kinachochubua misuli zaidi ni kushuka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inajikaza na wakati huohuo inavutwa irefuke, na nyuzi zake hupata michubuko midogo midogo. Siku hiyo husikii kitu. Maumivu huanza kesho yake na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72, ukajikuta unashuka ngazi kinyumenyume. Ukirudi mlimani kesho yake asubuhi, unashuka na breki zilizolika, na mzigo ambao paja lingeubeba unahamia kwenye goti na muundi, yaani mfupa wa mbele chini ya goti. Dawa yake si kuukimbia mlima. Weka milima mara 2 kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi kwa mfano, shuka ukitembea kwa hatua fupi, na wiki 2 za mwanzo usipande zaidi ya mara 3 au 4 kwa mkupuo. Misuli ikishaonja mshuko mmoja hujikinga: mshuko uleule wiki ijayo utauma kidogo sana. Siku nyingine tafuta tambarare, kama barabara ya kutoka Kirumba kupitia Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege, au kiwanja chochote cha mpira. Na usitoke kiza kizito bila tochi: jua la huku huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00, na mawe ya njiani hayana huruma na kifundo cha mguu.

Kwa nini mwili unadai nafasi? Kwa sababu kila sehemu yake ina saa yake. Akiba ya sukari ndani ya misuli, iitwayo glaikojeni, hujaa tena kwa takriban saa 24 ukila wanga wa kutosha. Misuli iliyonyanyua vyuma huendelea kujijenga kwa saa 24 hadi 48. Kano huenda polepole zaidi ya misuli. Mfupa ndio wa mwisho, na una tabia ya kutisha kidogo: ukiupa mzigo mpya, mwili huanza kwa kuondoa sehemu iliyochoka kabla ya kujaza mpya, kama fundi anayebomoa plasta mbovu kabla ya kupiga nyingine. Kwa wiki kadhaa mfupa unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Wakati huohuo pumzi imeshakaa sawa, mtu anajiona ameiva, anaongeza kilomita. Ufa wa mfupa kwa wakimbiaji wapya huonekana mara nyingi kati ya wiki ya 3 na ya 8, siku ambazo mtu anajisifu kwamba ameshazoea.

Utautofautisha hivi. Maumivu yaliyosambaa kwenye ukingo wa ndani wa muundi, urefu wa vidole vitatu au zaidi, yanayopungua ukishapasha mwili moto, ni muundi uliochoka: punguza mbio kwa nusu, kimbia kwenye udongo au nyasi, angalia kama raba zimeisha soli. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kadiri unavyokimbia, yanayouma ukiruka kwa mguu mmoja au hata ukilala usiku, yachukulie kama ufa mpaka daktari akanushe. Picha ya eksirei ya wiki ya kwanza inaweza kutoonyesha kitu, kwa hiyo picha safi haikupi ruhusa ya kurudi barabarani. Kawaida ni wiki 6 hadi 8 bila kukimbia. Kumeza diklofenaki ili uendelee ni kuzima king'ora na kuuacha moto: maumivu yanazibwa, ufa unapanuka, na ukiwa umekauka maji figo nazo zinaumia.

Kwa wa vyuma kanuni ni fupi. Misuli ileile isirudiwe kabla ya saa 48. Unaweza kwenda jimu siku 4 mfululizo ukigawa leo kifua na misuli ya nyuma ya mikono, kesho miguu, keshokutwa mgongo. Kifua kila siku hakikuzi kifua, kinakuza maumivu ya bega. Pushapu za nyumbani hazina tofauti kama unazipiga mpaka mikono inatetemeka. Ukiishia nusu ya uwezo wako, kila siku ni sawa.

Sasa, kazi nayo ni mzigo. Anayepakua magunia ya dagaa pale Mwaloni, anayevuta nyavu usiku, mama anayepandisha ndoo ya lita 20 mpaka nyumba iliyo juu ya mawe Mabatini, hao wameshanyanyua vyuma. Siku wasiyokwenda jimu haiwi siku ya mapumziko kwa miguu na mgongo. Wakitaka kuongeza, waongeze kunyoosha viungo na matembezi mepesi, na mazoezi mazito mara 2 tu kwa wiki, siku ambazo kazi imelegea.

Kipimo rahisi cha kama umepona ni mapigo ya moyo asubuhi, kabla hujainuka kitandani. Hesabu dakika nzima kwa siku 5, upate wastani wako. Asubuhi yakizidi kwa 7 hadi 10, siku hiyo ni ya kutembea tu. Yakizidi siku 2 mfululizo, na usingizi umekatika, na hasira ziko karibu, lala. Lakini huku kwetu uchovu usihukumiwe haraka kuwa ni wa mazoezi. Pumzika wiki moja. Usipoisha, kapime malaria, wingi wa damu na kichocho. Ukiwa na homa usifanye mazoezi kabisa, hata mepesi. Subiri homa ikatike, kisha rudi kwa nusu ya ulichokuwa unafanya.

Kichocho kinatajwa kwa sababu wengi hugeuza siku ya mapumziko kuwa siku ya kuogelea ziwani. Kuogelea ni chaguo zuri kwa miguu iliyochoka, kasoro mahali. Vibuu vya kichocho hutoka kwa konokono wa maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matete, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache bila wewe kujua. Cha pwani ya ziwa hushambulia zaidi utumbo na ini: tumbo kuuma, damu kwenye choo kikubwa, mwili kukosa nguvu. Bwawa lenye dawa ni salama zaidi. Aliyezoea ziwa apime, akikutwa nacho atapewa prazikwanteli.

Jingine la Kanda ya Ziwa ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Vinasaba vyake ni vya kawaida sana huku, na aliyerithi kwa mzazi mmoja tu mara nyingi hajijui. Anaweza kufanya mazoezi kama wengine, ila mbio za kushindana bila kupumzika katikati, juani, bila maji, zinaweza kumwangusha. Akisikia misuli inaisha nguvu ghafla, asimame palepale, wala mwalimu asimwite mvivu. Na kwa yeyote yule, mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea baada ya mazoezi makali, ni misuli inavunjika na kuziba figo: hospitali siku hiyohiyo. Mwanamke akikosa hedhi miezi 3 huku akizidisha mazoezi, naye akamwone daktari. Mara nyingi anachokula hakitoshi anachochoma.

Chakula ndicho kinachoamua kama mapumziko yatafaa kitu. Mwenye kilo 60 anayefanya mazoezi mazito anahitaji protini kama gramu 72 hadi 96 kwa siku. Gramu 100 za sato aliyepikwa hutoa karibu 26, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, yai 6. Dagaa wakavu ni protini zaidi ya nusu ya uzito wao, hivyo unga wa kuongeza misuli unaouzwa kwa makopo ni wa mwenye hela ya kuchezea. Ugali, viazi vitamu na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) usivikwepe. Ndivyo vinavyojaza ile akiba ya sukari.

Mwenye kisukari ana kanuni ya kinyume: asipitishe zaidi ya siku 2 bila mazoezi, kwa sababu faida ya mazoezi kwenye sukari ya damu huisha ndani ya siku 1 hadi 3. Kwake mapumziko yawe matembezi baada ya chakula.

Anayeanza kabisa aende siku moja, aruke moja: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku 3 kwa wiki. Kila wiki ya 4 punguza theluthi moja ya ulichozoea. Na kama simu yako inahesabu siku mfululizo nawe hutaki hesabu ikatike, ipe matembezi ya dakika 20 ya kwenda sokoni. Haijui kama ulikuwa mlimani.