Mtafiti hafunguki ofisini: niliyojifunza kwa kuharibu mahojiano mengi

Mahojiano yangu ya kwanza na mtafiti wa chuo kikuu yalikuwa mabaya kiasi kwamba mama yangu mzazi alilala. Sitanii. Nilimwekea rekodi pale sebuleni nikitegemea sifa, dakika ya tisa naona kichwa kimeinama, dakika ya kumi na mbili anakoroma. Na mama halali hata kwenye mkesha wa msiba.

Yule mtafiti hakuwa na tatizo, tatizo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka redio ya jamii huku kwetu Morogoro najiona mtangazaji kamili, nikaenda SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na rekoda ya kuazima na maswali kumi na nne nimeyachapa kabisa, na swali la kwanza, naona aibu hata kuliandika, "Dokta, nini kilikuvutia kuingia kwenye utafiti?" Akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa kidogo, akaanza: dhamira ya kuchangia jitihada za kuongeza uhakika wa chakula na kipato cha mkulima mdogo kwa kuzingatia mabadiliko ya tabianchi... dakika saba bila kumeza mate. Mi nikawa natikisa kichwa tu kama naelewa.

Nimekuja kujua baadaye, sa hivi nina miaka kama mitano kwenye hii kazi ya kurekodi watafiti na kurusha mtandaoni, kwamba lile halikuwa jibu, lile lilikuwa andiko la mradi. Mtu ambaye kila mwaka anaandika maandiko ya kuomba hela kwa wafadhili, na mengine yanarudi yamekataliwa, zile sentensi zimeshamkaa mdomoni kama salamu. Ukimuuliza kilichomvutia anakupa kile kile anachompa mfadhili, maana swali lenyewe ni lile lile. Hakudanganyi. Wewe ndo umepiga hodi mlango wa mbele, na yeye kakukaribisha sebule ya wageni, ile yenye vitambaa kwenye makochi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kuongea na hawa watu, uwe mwandishi, mwanafunzi, au una podikasti yako kama mimi: hilo swali lifute. Uliza "leo asubuhi umefanya nini?" Kama alikuwa kikaoni tangu saa mbili, basi uliza mara ya mwisho kutoka ofisini alienda wapi, na kama anaenda tena muombe mwende wote.

Ngoja niwape mfano wa dokta wa panya.

Ukitaja panya na SUA watu wote akili inakimbilia panya buku wa shirika la APOPO, wale wanaofundishwa pale pale chuoni kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Hasa Magawa, aliyezaliwa hapa akapelekwa Kambodia, akanusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza, akastaafu 2021, akafa Januari 2022. Kila mgeni anataka Magawa. Na mi nilimtaka Magawa, nisiwe mnafiki. Ila huyu dokta wangu yeye anahangaika na panya shamba, hawa wadogo wa kawaida wasio na medali wanaomaliza mahindi ya watu, na niliposema naomba kumrekodi akaniuliza, "Una uhakika hujanifananisha na wale wengine?"

Nikamwambia nataka kwenda naye. Saa kumi na mbili asubuhi tupo shambani, umande mpaka magotini, mi nimevaa raba nyeupe (wenzangu walishaanza kucheka). Mitego ni vijisanduku vya bati vyenye mlango unaojifunga, chambo ni siagi ya karanga na unga wa mahindi, harufu yake hata mimi ambaye sijanywa chai ilinitesa. Inabidi mitego yote ikaguliwe kabla jua halijapanda, la sivyo bati linachemka na panya anafia ndani. Anamtoa, anampima uzito, anaangalia dume au jike, anamwekea alama, halafu anamwachia pale pale alipomkamata.

Mi nikashindwa kuvumilia. "Sasa dokta, umehangaika kumkamata, halafu unamwachia?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hilo swali wenye mashamba wanamuuliza kila siku, kuna mzee aliwahi kumfukuza na jembe kabisa, anaona huyu msomi anafuga panya kwenye mahindi ya wenzake. Halafu akanieleza vizuri kuliko darasa lolote nililowahi kukaa: panya wote wa shambani huwezi kuwahesabu, ila unaweza kuhesabu wanaorudi. Ukiwawekea alama 50, ukaja tena ukakamata 50, ukakuta 25 wana alama, maana yake uliowawekea alama ni kama nusu ya wote, kwa hiyo shamba lina panya kama 100. Ukifanya hivyo mwezi kwa mwezi, miaka, unaanza kuona wanavyoongezeka na mvua, na unaweza kumwambia mkulima mapema kwamba msimu huu jiandae.

Na hapo ndo kikatoka kile nilichokuwa nakitafuta. Amepiga magoti, mzani mkononi, haniangalii hata mimi, anasema mama yake kuna mwaka alipanda mahindi mara tatu msimu mmoja. Panya walikuwa wanafuata mstari ule ule wa kupandia, shimo kwa shimo, wanafukua mbegu. Yeye alikuwa darasa la tatu, akawa anaamini kabisa kwamba panya wanajua kusoma. Akanyamaza, akamwachia panya, akachukua mtego mwingine.

Sikuwa nimeuliza kitu. Ofisini angenipa uhakika wa chakula na kipato cha mkulima mdogo, na kumbe ni jambo lile lile, ila hili la panya kujua kusoma mama yangu alilisikiliza mara mbili.

Mtu akiwa na shughuli mkononi mdomo unajiachia wenyewe, waulize wasusi. Kama ni wa maabara msikilize akiwa anaosha vyombo vyake, kama ni wa mimea mfuate kwenye kitalu. Wa historia au lugha muombe akuonyeshe makaratasi yake, atatoa boksi moja, la pili, la tatu hutaondoka leo.

Kingine, usiogope kuuliza swali la kijinga. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Watanzania wenzangu tuna mfano wetu kabisa na sijui kwa nini hatuutumii: Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba Sekondari, wanatengeneza aisikrimu, maziwa yanachemshwa yanachanganywa na sukari halafu unasubiri yapoe ndo uweke kwenye friza. Yeye akaona nafasi kwenye friza inaisha, akaingiza ya moto moto. Ikaganda kabla ya ya mwenzake iliyokuwa baridi. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, na baadaye kila akikosea wanamtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akaja kwenda Sekondari ya Mkwawa, Iringa, siku hiyo kaja Dokta Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha pale Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza swali lake lile lile. Wenzake wakacheka.

Watu wengi wakisimulia wanaishia kwa Mpemba. Mi namwangalia Osborne. Mtu mzima, dokta wa fizikia, kaulizwa kitu ambacho masikioni mwake hakiingii akilini, na badala ya kumfunika dogo akasema atakijaribu, akarudi Dar akamwagiza fundi sanifu wa maabara akijaribu kweli. Mwaka 1969 wakatoa makala ya pamoja, mwanafunzi na dokta, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama hilo jambo lipo na kama lipo linasababishwa na nini. Kwa hiyo ukikaa mbele ya profesa ukajiona mshamba na swali lako, uliza. Wengi wao walichoka zamani maswali ya akili, swali la mtu asiyejua ndo linawaamsha.

Sasa lugha. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Hawa wazee wetu wamesoma kwa Kiingereza, wanaandika kwa Kiingereza, wanagombana na wahakiki kwa Kiingereza, ukimwambia aeleze kazi yake kwa Kiswahili sentensi tatu za kwanza zinamtoa jasho. Usimwokoe! Mi nilikuwa nawaokoa, nasema aah changanya tu dokta, matokeo yake napata mchanganyiko ambao hata mimi mwenyewe siuelewi. Siku hizi nasema, "samahani mama, shangazi yako ungemwambiaje?" na nanyamaza.

Hiki kilinisaidia sana Unguja, nilipoenda kuongea na mtafiti wa mwani, mama mmoja mtu mzima hivi. Nilianza na shikamoo, akanikaribisha chai ya viungo, akaanza na joto la uso wa bahari na mambo ya fiziolojia. Nikamtupia shangazi. Akakaa kimya sekunde nyingi, rekoda inasikika inavyopumua. Kisha akasema, "Mwanangu, mwani unaungua ukiwa ndani ya maji."

Basi, hapo kila kitu kikafunguka. Kule pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kilimo hiki kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wengi ni wanawake. Kuna aina mbili, spinosamu na kotoni, na kotoni ndo yenye bei nzuri, lakini ndo dhaifu, maji ya kina kifupi yakipata joto inakuwa nyeupe kwenye ncha inakatika. Dawa ni kuupeleka maji ya kina kirefu, na huko unahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wa hawa kinamama hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo utafiti wa mmea ukageuka kuwa utafiti wa nani ana boti. Akaniambia kabla hajatumbukiza kipimajoto hata kimoja kuna bibi mkulima alimlalamikia kwamba siku hizi maji yanaunguza miguu, na yeye hakuliandika kwa sababu miguu ya bibi si kifaa cha kupimia. "Nililiandika mwaka wa pili," akasema. "Na mpaka leo nikimwona naona haya."

Kuhusu vifaa sina mengi. Zima feni, zima kiyoyozi hata kama unaiva, simu iwe haishiki mtandao, na rekodi sekunde ishirini za ukimya wa chumba maana utazihitaji kwenye kuhariri. Mengine YouTube.

Ila kuna kosa langu moja lazima niliseme. Nilimrekodi dokta mmoja, simtaji wala chuo chake sikitaji, akanieleza majaribio ya mmea flani dhidi ya wadudu wa ghalani, akasisitiza kabisa ni hatua za mwanzo, bado yapo maabara. Mi nikaweka kichwa cha habari kwamba amegundua dawa ya dumuzi. Sasa kwa wasiomjua, dumuzi ndo yule wakulima walimpachika jina la Scania kwa anavyosaga mahindi, alionekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akitokea Amerika ya Kati, kwa hiyo ukisema ana dawa watu hawakusikilizi, wanakupigia simu. Wakampigia yeye. Wakulima wanataka kununua, wenzake wa mradi wanamuuliza kwa nini ametangaza kitu ambacho hakijakamilika. Hakupokea simu yangu miezi minne, na alikuwa sahihi. Tangu hapo kichwa cha habari na namba zote namtumia mhusika kwanza azikague. Sio mazungumzo yote, ukimpa yote atayageuza andiko la mradi tena, namba na kichwa tu.

Na usiishie kwa mwenye PhD. Dereva wa mradi, fundi sanifu, yule mwanafunzi wa masta anayelala kwenye hema na nyoka, hao ndo wanajua jaribio lilikwama wapi. Siku hizi nikimaliza na mtafiti swali langu la mwisho ni "nani mwingine niongee naye?" na wengi hawatoi jina la profesa mwenzao.

Dokta wa panya alinipa jina la baba mmoja huko Mvomero ambaye amemtegea mitego miaka mingi na anaweza kukuambia shamba lina panya kiasi gani kwa kuangalia mashimo tu. Tumeshaongea, naenda Jumamosi. Kaniambia nije na gambuti, na saa kumi na moja na nusu alfajiri yupo njia panda, nikichelewa anaondoka.

Raba nyeupe nimemwachia mdogo wangu.