Re: Darasa la tano wanabahatisha ovyo kwenye mafumbo

Salamu mwalimu. Shida yako nimeielewa: ukiwaambia wakisie jibu kisha wahakiki, wanarusha namba tu mpaka kengele inalia.

Kwanza kagua daftari. Makisio yaliyokosea yapo, au yamefutwa kwa raba? Wangu walikuwa wanafuta, wanaona aibu, kwa hiyo kila jaribio lilianzia sifuri. Nikapiga marufuku raba kipindi hicho (wazazi wawili watatu walilalamika daftari chafu, nikawaacha walalamike).

Kisha wachoree jedwali. Mfano wangu: kijiweni Tandika kuna bajaji na bodaboda, zote pamoja 20, magurudumu jumla 48. Bajaji ngapi? Safu ziwe nne: bajaji, boda, magurudumu, na ya mwisho "imezidi/imepungua kwa ngapi". Hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha. Mwanafunzi anaanza katikati, 10 kwa 10: 30 na 20 ni 50, imezidi 2. Hapo usimpe jibu. Muulize: ukitoa bajaji moja ukaweka boda, magurudumu yanabadilikaje? Akiona linapungua moja, mwenyewe atashuka hadi bajaji 8 na boda 12. Ahakiki: 24 na 24, 48.

Wanaokwama hata hapo, mara nyingi hawajaelewa swali lenyewe. Wasimulie fumbo kwa maneno yao kabla ya kushika kalamu.

Jibu likiwa sehemu au desimali, njia hii inachosha, usiing'ang'anie. Kwa maswali ya kuchagua, wajaribu kwanza namba ya kati.