Mume Amegoma Kula kwa Sababu ya Bima ya Gari

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi Northampton, Uingereza, na mume wangu na watoto wawili. Kwetu ni Tanga. Mwanangu wa kwanza ana miaka 19. Amepata leseni mwezi wa tatu, na sasa anafanya kazi ya usiku kwenye ghala huko Daventry. Nilimnunulia Corsa kuukuu, lakini bima akikata mwenyewe inazidi bei ya gari. Nikamwomba baba yake aikate kwa jina lake, mtoto aingizwe kama dereva wa ziada, maana wazazi wengi hapa ndivyo wanavyofanya. Yeye ni dereva wa basi na rekodi yake ni safi, ingekuwa nafuu. Akakataa katakata. Basi nikaikata kwa jina langu kimya kimya, ingawa mimi naogopa barabara kuu na kazini naenda kwa miguu. Mwezi uliopita mtoto akaligusa kidogo gari la mtu kwenye maegesho. Tukamlipa yule mtu taslimu, yakaisha. Hapo ndipo mume wangu alipoijua siri. Wiki ya tatu sasa hali chakula changu wala hanisemeshi. Hela za kumtumia mama yake kila mwezi anazo, za mwanawe hana! Mdogo wangu amenipa namba ya kijana anayekata bima kwa nusu bei kwa WhatsApp, labda hiyo italeta amani. Nifanyeje mume wangu apunguze ukaidi?*
*Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Kulala kitanda kimoja na mtu asiyekusemesha ni adhabu, tena ugenini, usiko na shoga wa kumgongea mlango usiku. Pole sana. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimemwona mumeo ana haki.

Tazama ulivyoandika mwenyewe. Unaogopa barabara kuu. Kazini unaenda kwa miguu. Gari linakwenda Daventry kila usiku, na anayelipeleka ni mwanao. Sasa kampuni ya bima ilipokuuliza dereva mkuu wa gari hili ni nani, ulijibu nini? Ulijibu ni wewe. Ulijua si kweli, ndiyo maana ukalifanya kimya kimya. Jambo la halali mtu humwambia mumewe mezani.

Mzazi kuwa dereva mkuu na mtoto kuwa dereva wa ziada si kosa, ikiwa ndivyo mambo yalivyo: mama analiendesha siku zote, mtoto analiazima Jumamosi. Kwenu si hivyo. Ulichofanya sheria ya huko inakiita udanganyifu. Unaniambia wazazi wengi wanafanya. Wengi hao hawajapata ajali bado.

Hebu fikiri siku ikitokea. Saa kumi na moja alfajiri, kijana katoka zamu usingizi unamlemea, kagonga gari la watu. Kampuni itauliza maswali ya kawaida tu. Nani alikuwa anaendesha? Anatoka wapi saa hizi? Kazi yake ipi, na anafikaje huko kila siku? Mwenye bima anatumia gari lini? Huhitaji mpelelezi hodari kuona kwamba dereva mkuu yuko kitandani Northampton na hajashika usukani tangu gari linunuliwe. Sheria ya bima ya Uingereza ya mwaka 2012 inamtaka mteja awe mwangalifu asiseme lisilo kweli. Akidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba kama haukuwahi kuwepo, ikakataa kulipa gari lenu, na hela mlizokwisha kutoa isirudishe. Yule mliyemgonga kwa kawaida watamlipa, kwa sababu sheria inamlinda, halafu wanaweza kuwageukia ninyi wawadai hela walizomlipa.

Na kijana wako, je? Akishikwa barabarani bila bima halali, adhabu ya papo hapo ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni. Dereva ambaye leseni yake haijatimiza miaka miwili akifikisha pointi 6, leseni inafutwa. Anarudi kuwa mwanafunzi, mtihani wa maswali na wa barabarani vyote upya. Kazi ya Daventry itakuwa imekwenda, na kila kampuni ya bima atakayoiendea itamuuliza kama amewahi kufutiwa mkataba. Ulitaka kumpunguzia mzigo, ukamtwisha mwingine wa miaka. Wazee wa kwetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nakuona mko wawili mtakaolia.

Sasa mumeo. Umelitaja neno moja ukalipita haraka: dereva wa basi. Mwanangu, leseni ya huyo mwanamume ndiyo sahani yenu ya wali. Ulimwomba aweke jina lake kwenye uongo kuhusu gari, yeye ambaye gari ndilo linalomlisha! Hakukataa kwa ubahili. Kama angekuwa bahili angekubali, maana bima ya uongo ndiyo iliyokuwa rahisi. Na wewe ni muuguzi. Unajua kwamba ukipewa hata onyo la polisi kwa udanganyifu unatakiwa kuliarifu Baraza la Wauguzi na Wakunga, na huko uaminifu wako ndio utakaohojiwa. Masomo yote yale na zamu zote zile za usiku, kwa ajili ya Corsa kuukuu.

Mama mkwe naye umemwingiza kwa lipi? Bibi wa watu yuko Tanga hajui hata hilo gari lina rangi gani. Mume anayemkumbuka mama yake kila mwezi ni mume anayejua wajibu. Ukilitupa jina la mama yake kwenye ugomvi wa bima, utapata ugomvi wa pili ambao hauna kampuni ya kuulipia fidia.

Lile gari la maegesho nalo halijaisha kama unavyodhani. Mikataba mingi ya bima inataka uarifu ajali yoyote, hata ndogo, hata kama hudai kitu. Yule mliyemlipa taslimu anaweza kesho kusema shingo inamuuma, na ninyi mmeficha. Fomu zijazo zitauliza kuhusu ajali za miaka iliyopita, na hapo utalazimika kuchagua kati ya kusema kweli na kuongeza uongo wa tatu.

Na huyo kijana wa WhatsApp usimpigie. Huyo ni dalali hewa. Wengine hughushi karatasi tupu. Wengine hukata bima kweli, lakini huandika umri wa uongo na anwani ya kijiji cha mbali ili bei ishuke, kisha wakakupa wewe karatasi iliyorekebishwa. Wengine huikata, wakakuonyesha, halafu wakaifuta na kurudishiwa hela wao. Mwanao ataendesha akijiona ana bima, na kamera ya polisi inayosoma namba za magari itamwambia hana. Polisi wa Jiji la London wana kikosi maalumu cha wadanganyifu wa bima tangu mwaka 2012. Dalali wa kweli utamkuta kwenye daftari la mamlaka ya huduma za fedha, na gari lenye bima linaonekana kwenye kumbukumbu za bima za magari. Kuangalia la kwako ni bure.

Utaniuliza, sasa mtoto aendeje kazini? Bima ikatwe kwa jina lake, yeye awe dereva mkuu, na iandikwe wazi kwamba gari linakwenda kazini, tena usiku. Baba yake anaweza kuingizwa kama dereva wa ziada, ikiwa kweli atalitumia mara mojamoja. Dereva mzoefu akiingizwa hivyo mara nyingine bei hushuka, na hapo hakuna aliyedanganywa. Mwulize mwanao kama atakubali kufungiwa kile kisanduku kinachopima mwendo, breki na saa za kuendesha. Ila asome masharti vizuri, kwa sababu mwenye zamu za usiku anaweza kuadhibiwa kwa saa zake. Magari ya huko kwa miaka mingi yamepangwa kwa makundi ya bima, kuanzia 1 hadi 50, na ya makundi ya chini kwa kawaida ndiyo nafuu. Mkiweza, lipeni kwa mwaka mzima, maana kwa mwezi mwezi huja na riba. Na jambo ambalo wazazi husahau: mwaka mmoja bila ajali kwa jina lake mwenyewe unamjengea punguzo lake. Miaka mitano nyuma ya jina lako kwa kampuni nyingi haimjengei kitu. Kama bei bado haibebeki, apande basi au achangie lifti na wenzake wa ghalani mpaka akusanye hela. Ana miaka 19, hatakufa.

Niseme na jingine, hata kama hukuniuliza. Ndoa nyingi za siku hizi naziona zinaumwa ugonjwa huu wa kimya kimya. Mama anafungua mkopo kimya kimya, baba anajenga kwao kimya kimya, mtoto anajifunza kwamba ukikataliwa na mzazi mmoja unazungukia mlango wa pili. Mwanao hakujifunza kuendesha tu mwaka huu. Amejifunza pia kwamba neno la baba yake ndani ya nyumba hiyo linapitwa. Nadhani hilo ndilo linalomkaba mumeo koo hata chakula hakipiti, kuliko pauni zenyewe.

Chukua funguo za hiyo Corsa leo hii uzitie mfukoni mwako. Mkataba usiuache ufe hivi hivi, maana huko hata gari lililoegeshwa linatakiwa kuwa na bima, isipokuwa umetoa tamko kwamba haliko barabarani. Kesho kabla ya zamu yako ipigie kampuni, uwaeleze nani anaendesha na nani hakuendesha, na ile ajali ya maegesho usiifiche. Wanaweza kupandisha bei, wanaweza kuuvunja mkataba. Pokea watakalokuambia.

Lakini kabla ya simu hiyo, usiku wa leo, muandalie mumeo chai, mkae wawili, mtoto asiwepo. Usianze na mama yake wala usianze na hela. Mwambie: "Nilikudanganya, na nikamdanganya mtoto kwamba ni sawa. Kesho napiga simu, nataka uwe karibu yangu nikiwa naongea nao." Halafu nyamaza, umwache aseme yaliyomkaa wiki tatu.